Kwenda kujifungulia kwenu: mwongozo kamili wa kuhamia hospitali ya mkoa mwingine

Kliniki umehudhuria Mbagala, lakini mtoto unataka azaliwe Moshi kwa mama yako. Mpango wa namna hii ni wa kawaida sana Tanzania na una maana yake. Kule yupo wa kukupikia mtori, wa kukushikia mtoto uoge, wa kuamka nawe usiku. Mjini mume anatoka alfajiri na kurudi giza limeingia, na jirani ana yake. Wengine wanahama kwa sababu za kitabibu: kijijini kuna zahanati tu, na mimba inahitaji mahali penye chumba cha upasuaji. Mwongozo huu unafuata safari ya Dar es Salaam kwenda Moshi, lakini ukielekea Bukoba, Songea au Tanga hatua ni hizihizi.

Shida kubwa ya mpango huu ni moja: hospitali unayokwenda haikujui. Mkunga atakayekupokea saa nane usiku hajawahi kukuona, hana daftari lenye jina lako, hajui kama mtoto wa kwanza ulimpata kwa kisu. Atategemea kadi yako na maneno yako, na mwenye uchungu hana maneno mengi. Kazi yako yote kabla ya siku ile ni kuhakikisha umeshafika pale angalau mara mbili ukiwa unatembea kwa miguu yako.

Anza na tarehe ya matarajio

Usikate tiketi kabla hujajua tarehe. Chukua siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, ongeza siku 7, kisha rudi nyuma miezi 3. Kama hedhi ilianza 10 Machi, tarehe ya matarajio ni 17 Desemba. Hesabu hii inafaa kwa mwenye mzunguko wa siku 28 unaoeleweka. Kama mzunguko wako unarukaruka, au ulishika mimba ukiwa bado unanyonyesha au umetoka kwenye sindano ya uzazi wa mpango, fuata ultrasaundi, tena ile ya mapema. Ultrasaundi ya kabla ya wiki 24 hukadiria umri wa mimba vizuri zaidi. Ya mwezi wa nane inaweza kukosea kwa wiki mbili hadi tatu, kwa sababu kufikia hapo watoto wameshapishana ukubwa. Wengi huchanganyikiwa wakiwa na karatasi mbili zenye tarehe mbili. Chukua ya mwanzo, na umwombe mkunga aiandike kwenye kadi kama ndiyo tarehe rasmi, la sivyo kule uendako wataanza kubishana kama umepitiliza au bado.

Sasa hesabu kurudi nyuma. Kwa tarehe ya 17 Desemba, wiki ya 28 ni 24 Septemba, wiki ya 32 ni 22 Oktoba, wiki ya 34 ni 5 Novemba na wiki ya 36 ni 19 Novemba. Muda mzuri wa kusafiri ni kati ya wiki ya 32 na 34. Ukienda mapema zaidi unakaa ugenini muda mrefu bila sababu. Ukingoja wiki ya 37 unahatarisha kuzalia Same kwenye basi. Mwenye mapacha, aliyewahi kujifungua njiti, na mwenye kisu cha nyuma wasivuke wiki ya 32, tena waondoke kwa ruhusa ya daktari.

Kwa wanaokwenda Kilimanjaro kuna la ziada. Kuanzia katikati ya Desemba mabasi ya Moshi hujaa, nauli hupanda, na barabara huwa na foleni ya watu wanaokwenda kula sikukuu. Mama mwenye tarehe ya 17 Desemba aliyepanga kusafiri "mwezi wa kumi na mbili na wenzake" amepanga vibaya. Tarehe 5 Novemba basi lina nafasi na kiti unachagua mwenyewe.

Kuchagua hospitali

Ngazi zinajulikana: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali ya kanda, hospitali ya taifa. Moshi mjini, Mawenzi ni ya rufaa ya mkoa na KCMC ni ya kanda. Mwanza utakuta Sekou Toure na Bugando kwa mpangilio huohuo. Kosa la kawaida ni kukimbilia kubwa kuliko zote. Hospitali ya kanda imewekwa kwa ajili ya kesi zilizoshindikana chini. Ukienda na mimba isiyo na tatizo na bila rufaa, unaweza kurudishwa ngazi ya chini au kutozwa kama mgonjwa wa kujilipia. Mwenye dharura hupokelewa popote, ila usijenge mpango wako juu ya dharura.

Kwa mimba isiyo na shida, hospitali ya wilaya inatosha, au kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi. Hilo la kufanya kazi uliulize. Jengo la upasuaji linaweza kuwepo na mtaalamu wa usingizi yuko likizo. Mtume mama au dada yako aende mwenyewe akaulize mambo haya: Upasuaji unafanyika saa 24, pamoja na Jumapili? Damu ipo palepale au inafuatwa kwingine? Kuna chumba cha watoto njiti? Vifaa gani mama anakuja navyo? Kliniki ya wajawazito wageni ni siku gani? Majibu ya simu huwa matamu kuliko hali halisi, kwa hiyo aende kwa miguu.

Wafuatao wasipange zahanati hata kama iko mlangoni: aliyewahi kupasuliwa, aliyewahi kutoka damu nyingi au kondo la nyuma kukwama, aliyezaa mtoto mfu au kuharibikiwa mimba mara mbili na zaidi, mwenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo au selimundu, mwenye mapacha, mtoto aliyetanguliza makalio au kulala kingamo, mimba ya 5 na kuendelea, mimba ya kwanza chini ya miaka 20 au zaidi ya miaka 35, na mwenye kimo chini ya sentimita 150. Vingi vya vigezo hivi vimechapishwa kwenye kadi yako ya kliniki. Ikiwa mkunga ameweka alama kwenye kimojawapo, mpango wako ni hospitali.

Kisha pima njia. Nyumbani kwenu pengine ni Kibosho juu, Old Moshi au Rombo, na Novemba na Desemba ni msimu wa vuli. Bajaji iliyokufikisha saa nne asubuhi na jua kali haitapanda kilima kilekile saa tisa usiku kukiwa na tope. Kama njia ni hiyo, tafuta ndugu anayekaa karibu na hospitali ukalale kwake kuanzia wiki ya 37. Baadhi ya hospitali za wilaya zina nyumba ya kusubiria wajawazito, sehemu nyingine wakiita chigonella. Unakwenda kati ya wiki ya 36 na 37 na ndugu mmoja, chandarua, unga, mboga, sufuria na kuni au mkaa, maana mara nyingi kupika ni juu yenu. Uliza mapema kama kuna kitanda.

Kadi ni wewe

Kadi ya kliniki itasema kwa niaba yako, kwa hiyo isiwe na mapengo. Katika hudhurio la mwisho kabla ya safari, kaa na mkunga wako muipitie kisanduku kwa kisanduku. Tarehe ya hedhi na tarehe ya matarajio ziwepo. Historia ya kila uzazi uliopita: mwaka, njia aliyopitia mtoto, uzito, kama yu hai. Presha ya kila hudhurio. Wingi wa damu, angalau mara mbili, na kipimo kimoja kiwe cha baada ya wiki 28. Chini ya 11 ni upungufu, chini ya 7 ni upungufu mkali na usisafiri kokote kabla hujatibiwa. Kundi la damu pamoja na Rhesus, yaani kama damu yako ni chanya au hasi. Kaswende, VVU, malaria, mkojo. Sindano za pepopunda na tarehe zake. Dozi za SP, dawa ya kukinga malaria, ambazo zinatakiwa angalau tatu, kila moja ikipishana mwezi na nyingine (walio kwenye septrini hawapewi SP). Dawa za minyoo. Vidonge vya kuongeza damu.

Mapengo yanagharimu. Kundi la damu lisipoandikwa, maabara italipima upya wewe ukiwa tayari unavuja. Kipimo cha kaswende kisipoonekana, mtoto anaweza kuchomwa sindano ambazo pengine hakuzihitaji.

Watu wa makundi matatu wana kazi ya ziada hapa.

Mwenye Rhesus hasi anahitaji sindano ya anti-D ndani ya saa 72 baada ya kujifungua ikiwa mtoto ni chanya, na wengine huchomwa pia wiki ya 28. Sindano hii haipatikani kila mahali, ina bei, na hukaa kwenye jokofu. Ulizia hospitali uendako kama wanayo. Kama hawana, tafuta duka la dawa mjini litakalokuwekea. Saa 72 za wikiendi ya sikukuu huisha haraka.

Aliyewahi kupasuliwa atafute karatasi ya ruhusa ya wakati ule. Daktari anataka kujua kisu kilipita wapi kwenye mfuko wa uzazi na kwa nini ulipasuliwa. Kovu la nje halimwambii, kwa sababu mshono wa ngozi unaweza kuwa wa kulala na wa ndani ukawa wa kusimama. Kama karatasi imepotea, rudi hospitali iliyokupasua na tarehe yako uombe muhtasari wakati bado uko mjini.

Anayetumia dawa za kufubaza VVU aombe barua ya uhamisho wa muda na dawa za kutosha hadi wiki sita baada ya kujifungua. Dawa zikae kwenye mfuko wake, mbali na begi la nguo za mtoto ambalo kila shangazi atalifungua. Mtoto atahitaji dawa ya kinga tangu kuzaliwa, na kipimo cha tone la damu kwenye wiki ya 4 hadi 6, kwa hiyo ujue mapema kitafanyika kituo gani. Kadi ya kliniki ina misimbo inayosomeka kwa anayeijua. Chagua wa kuishika.

Ukimaliza, piga picha kurasa zote za kadi, mbele na nyuma, majibu ya ultrasaundi na karatasi za maabara, umtumie mume na mama. Kadi yenyewe inasafiri kwenye mkoba wa mkononi. Ikiwa kwenye buti la basi na uchungu ukakupata Korogwe, kadi itafika Moshi na wewe utabaki Korogwe.

Omba pia rufaa au barua fupi ya utambulisho. Mwenye kigezo cha hatari anahitaji rufaa kamili. Asiye nacho anaweza kupewa maelezo mafupi tu nyuma ya kadi: "Anahamia kwa wazazi, wiki 33, mimba haina tatizo", sahihi na mhuri. Mistari miwili hiyo hufungua milango mingi.

Likizo na bima

Hapa ndipo hesabu huwagonga wafanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Unatakiwa kumjulisha mwajiri kwa cheti cha daktari angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya matarajio: kwa mfano wetu, kabla ya 17 Septemba. Likizo inaweza kuanza wiki 4 kabla ya tarehe hiyo, yaani 19 Novemba. Safari tumeipanga 5 Novemba. Katikati pana wiki mbili zisizo na mwenyewe.

Wiki hizo zijaze kwa likizo ya mwaka. Omba mapema, maana Novemba ofisi nyingi zinafunga hesabu. Njia nyingine ni cheti cha daktari kinachosema kwa afya yako au ya mtoto unahitaji kuanza mapema, na sheria inakiruhusu. Kumbuka tu kwamba kila siku unayoanza mapema inakatwa mwishoni. Ukianza 19 Novemba, siku 84 zinaisha 10 Februari, na mtoto aliyezaliwa 17 Desemba atakuwa na wiki nane siku unayorudi kazini. Anayeweza kutumia likizo ya mwaka yote kabla ya kuzaa hupata faida kubwa zaidi. Baba ana siku 3 za malipo ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Akitoka Dar, mbili zinaishia barabarani, kwa hiyo naye aombe nyongeza.

Kisera, huduma za mjamzito katika vituo vya serikali hazilipiwi. Kiuhalisia utaambiwa ununue vifaa, na pengine dawa iliyokwisha. Hospitali za mashirika ya dini na za binafsi zinatoza, na bei ya upasuaji ni mara kadhaa ya bei ya kujifungua kawaida. Ulizia zote mbili, pamoja na amana wanayotaka mkononi kabla ya kukupokea. Mwenye bima aulize maswali matatu kwenye ofisi ya bima yenyewe, asiulize kwa jirani: je, hospitali ile imesajiliwa na mpango wangu, nahitaji rufaa au kibali kabla, na mtoto atatibiwa kwa kadi ya nani siku za kwanza? Bima nyingi za binafsi zina muda wa kungoja kabla ya kulipia uzazi. Aliyejiunga akiwa tayari ana ujauzito asishangae.

Safari yenyewe

Kutoka Dar hadi Moshi ni kilomita 550 hivi, na basi hutumia sehemu kubwa ya mchana. Siku mbili kabla nenda kliniki. Presha ikiwa 140/90 au zaidi, kama umeona damu, kama ultrasaundi ilionyesha kondo la nyuma limefunika njia, au kama tumbo linakaza mara kwa mara, usisafiri. Hapo mpango wa kwenu umekufa na utajifungulia Dar. Mama aje yeye.

Ukiruhusiwa, kata kiti cha kando ya njia, katikati ya basi. Nyuma panarusha, na dirishani unashindwa kunyanyuka. Mkanda unapita chini ya tumbo, juu ya mapaja, usikae juu ya kitovu. Kila saa moja au mbili simama, tembea kwenye njia, zungusha vifundo vya miguu, kwa sababu mjamzito akikaa muda mrefu damu inaweza kuganda miguuni. Wengi hawanywi maji wakiogopa kuomba basi lisimame wachimbe dawa. Usifanye hivyo. Mwili ukikaukiwa, mfuko wa uzazi huanza kukaza, na ndipo watu wanadhani uchungu umeanza. Ongea na kondakta kabla basi halijaondoka, umwambie utahitaji kushuka. Safiri na mtu mzima mmoja.

Wanaokwenda Morogoro au Dodoma sasa wana treni ya SGR, ambayo kwa mjamzito ni bora kuliko basi: choo kipo, haitikisiki sana, na hadi Dodoma haizidi saa nne kwa treni ya haraka. Kwa ndege, mashirika mengi hutaka barua ya daktari kuanzia wiki ya 28 na hukataa baada ya wiki ya 36, mapacha mapema zaidi. Soma masharti ya shirika lako kabla ya kulipa.

Chupa ikipasuka njiani au damu ikatoka, shukia hospitali iliyo karibu. Usilazimishe kufika.

Wiki za kusubiri

Ndani ya wiki ya kwanza ya kufika, nenda kliniki ya hospitali uliyoichagua. Usingoje "nipumzike kwanza". Watakupima presha, urefu wa tumbo, mlalo wa mtoto, mapigo yake, na pengine kurudia wingi wa damu na VVU. Omba waandike kwenye kadi yao au kwenye yako mahali utakapojifungulia. Uliza leba iko mlango gani usiku, maana geti la mchana na la usiku mara nyingi si moja. Kuanzia wiki ya 36 rudi kila wanapokupangia, usiruke.

Tafuta watu wawili au watatu wenye afya watakaokubali kutoa damu wakipigiwa simu, na ujue wanakaa wapi. Tafuta madereva wawili, kwani mmoja atakuwa amezima simu. Andika namba zao kwenye karatasi na uibandike ukutani kwa mama. Kwa dharura ya mjamzito, mzazi au kichanga, piga 115, mfumo wa M-mama: ni bure, na kama gari la wagonjwa halipo karibu wanatuma dereva wa jamii aliyesajiliwa. Mfumo huu ni wa dharura, usiupangie safari ya kawaida ya leba.

Vifaa vinavyotakiwa hutofautiana kati ya hospitali na hospitali, lakini begi hili halikosei sana:

- glavu safi za upasuaji jozi 5
- pamba kubwa ya gramu 500, na pakiti 2 za pedi kubwa
- nyembe mpya 2 na vibanio vya kitovu 2
- mpira wa kutandika, mita 2
- khanga doti 3: mbili zilizochakaa, laini, na moja nzuri ya kutokea
- nguo za mtoto pea 4, kofia 2, soksi, nepi 12, shali au blanketi
- beseni, sabuni ya kipande, ndara, kikombe, chupa ya chai
- kadi, kitambulisho, kadi ya bima, fedha taslimu kidogo kidogo, chaja

Khanga zilizochakaa zifuliwe, zipigwe pasi, na moja ifungwe peke yake kwenye mfuko safi. Hiyo ndiyo ya kumfutia mtoto anapotoka, na mkunga ataiomba huku mikono yake imeshika vingine. Ikiwa chini ya beseni, ndugu atamwaga begi zima sakafuni akiitafuta.

Kuna jambo la kuzungumza na bibi na mama mkwe mapema, kwa adabu lakini bila kuzungukazunguka: dawa za mizizi za kuongeza uchungu. Zinakolezwa kwa kukadiria, hakuna ajuaye kipimo. Zinaweza kuukaza mfuko wa uzazi bila kuuachia, mtoto akakosa hewa au mfuko ukachanika, hasa kwa mwenye kovu. Kama umeshakunywa, mwambie mkunga. Ataudhika kidogo, lakini hatakuongezea sindano ya uchungu juu yake.

Siku ya uchungu

Hesabu muda wa kuondoka kutoka njiani, usihesabu kutoka kitandani. Mimba ya kwanza na hospitali iko nusu saa: ondoka uchungu ukija kila dakika 5 kwa saa nzima. Aliyekwisha kuzaa aondoke uchungu unaposhika mpangilio, hata kama anaona bado anaweza kupika. Mwenye kovu aondoke uchungu wa kwanza. Chupa ikipasuka, tazama saa na rangi ya maji, uende hata bila uchungu. Yakiwa ya kijani, mtoto amejisaidia tumboni na hakuna kuoga kwanza.

Zifuatazo hazingoji asubuhi: damu kutoka, kichwa kuuma sana pamoja na kuona maluweluwe, uso na mikono kuvimba ghafla, degedege, homa kali, mtoto kupunguza kucheza au kuacha.

Ukifika, sentensi ya kwanza iwe na mambo manne: mimba ya ngapi, wiki ngapi, kama una kovu au tatizo lolote, uchungu umeanza saa ngapi. "Mimba ya tatu, wiki thelathini na tisa, wa pili kwa kisu, uchungu tangu saa mbili." Kisha toa kadi. Mfundishe na ndugu anayekusindikiza sentensi hiyohiyo. Ikibidi upasuliwe, sahihi ya idhini ni yako wewe mwenye umri wa kutosha. Mume aliyeko Dar anajulishwa kwa simu, ila upasuaji wa dharura usisubiri simu yake ishike mtandao.

Baada ya kuzaa, kabla ya kurudi

Usitoke kabla ya saa 24, hata kama wodi imejaa na mama anasema uji umeiva. Kutoka damu nyingi na presha kupanda hutokea sana katika siku hiyo ya kwanza. Mtoto apate chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Chupa moja ya chanjo ya kifua kikuu hutosha watoto wengi, ndiyo maana vituo vingine huifungua siku maalumu tu. Uliza ni siku gani. Kadi ya mtoto inatumika kliniki yoyote nchini, kwa hiyo chanjo za wiki ya 6 unaweza kupata Moshi au Dar.

Kabla hujatoka, dai tangazo la kizazi, yaani karatasi ya hospitali ya kuandikishia mtoto, na ulisome herufi kwa herufi. Jina la baba liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chake cha NIDA, ambacho picha yake uibebe kwenye simu. "Mohamed" na "Mohammed" ni watu wawili mbele ya RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi. Sajili ndani ya siku 90. Mikoa mingi sasa hutoa cheti cha kwanza cha mtoto wa chini ya miaka 5 bila malipo kwenye kituo cha tiba au ofisi ya kata, na ni rahisi kukichukua ukiwa bado upo kuliko kumtuma mtu baadaye. Mahali pa kuzaliwa pataandikwa kule alikozaliwa, hata kama mnaishi Dar. Hilo ni sawa, usimwombe karani aandike vingine.

Hudhuria kliniki ya mzazi siku ya 3 na siku ya 7, kisha wiki ya 6. Safari ndefu ya kurudi ipange baada ya hudhurio hilo la wiki ya 6, hasa kwa aliyepasuliwa. Likizo ikikubana ukarudi mapema, mshono ukaguliwe kwanza, na mizigo abebe mwingine. Kiti ni kilekile cha kando ya njia, na kadi mbili, yako na ya mtoto, kwenye mkoba wa mkononi.